Hodi ya Tatu

…ama niende, hivyo ndivyo alivyosema, nikae ama niende, na ulimi wangu umeshapanda jukwaani bila kuitwa, umeshajipaka poda, umeshasimama kwenye mwanga na kukohoa kidogo kama mstahiki, hebu shuka wewe, shuka, mtu ameuliza swali la kweli hapa Kenyatta Market kati ya moshi wa mbuzi na kelele za wasusi, na wewe tayari unatafuta la kuwachekesha watu wa meza ya pili, si kwamba sinalo, ninalo, ninalo moja zuri kuhusu Wanjira mkewe Kibe na ng'ombe wake, ninalo jingine kuhusu baridi ya Kinangop inayomfanya mwanamume atafute miguu yake asubuhi akidhani imeibwa, yamejipanga nyuma ya meno yananisukuma, lakini Kibe hana uso wa mtu anayengoja kichekesho, ameweka mikono miwili mezani, viganja chini, bado ina matone ya maji, maana Mbaluka mchoma nyama amepita na birika na beseni, tukanawa, akasema wazee wangu, mbuzi anamalizia kuiva, akaenda kwa wengine, na Kibe akangoja kwanza aende, nimemwona akingoja, mtu huyu hungoja kila kitu, kisha akasema kwa sauti ile ile anayoagizia kachumbari, "Abdalla, hii ni mara ya tatu nakuuliza. Unataka nikae ama niende? Lori inakuja Jumamosi, dereva anataka kujua kama akuje ama asikuje"… mara ya tatu, amehesabu, na aliyemfundisha kuhesabu ni nani, ni mimi, mimi mtoto wa Kibokoni, Mombasa, siku zile tunaanza, ofisi ile ya Hurlingham juu ya duka la dawa, viti viwili, kompyuta moja, feni inayozunguka ikijisikia, tunaandika jinsi programu yake ya kupimia nyama kwenye mabucha itakavyozungumza na draiva yangu, ile ya ndani inayoisoma mizani, yeye ana skrini na mimi nina mizani, akauliza, sasa programu yangu ikiuliza uzito, na draiva yako ikinyamaza, niulize mara ngapi kabla sijakata tamaa, na mimi bila kufikiri nikamwambia kwetu mtu akifika mlangoni hupiga hodi, hapigi moja akajitosa ndani kama mbuzi wa jirani, hupiga ya kwanza akatulia, ya pili akatulia, ya tatu, asipoitikiwa anageuka anarudi alikotoka, tena harudi na kinyongo, maana mwenye nyumba ana haki ya kutoitika, ndiyo dini na ndiyo adabu, Kibe akacheka mpaka miwani ikamteremka, akasema kwetu mtu anaingilia jikoni moja kwa moja anauliza chai iko wapi, lakini akaandika, akaandika vile vile nilivyomwambia, hodi tatu, kisha rudi, bila kinyongo, na ndivyo inavyofanya kazi mpaka leo kwenye kila bucha iliyonunua kitu chetu, hata hapa kwa Fahim mwenye bucha, naiona mizani yetu pale kwenye kaunta, taa yake ya kijani inakonyeza, na sasa mtu aliyeiandika ile sheria amekaa mbele yangu ameipiga ya tatu, ya mwisho, na baada ya ya tatu sheria inasema nini, Abdalla, inasema nini…

"Uncle! Kuja tukusuke!" huyo ni msusi wa kibanda cha jirani, ananiita mimi, mimi mwenye kichwa kama yai la mbuni, na kabla sijajijua nimeshamjibu, "Mwanangu, hizi nywele zangu zimejiuzulu, nenda ukazitafute kwa mchungaji wenu," na wote wameangua kicheko, wasusi, wateja wenye vichwa nusu, yule bwana wa meza ya pili mwenye mbavu mkononi, hata Mbaluka kule kwenye makaa, isipokuwa mmoja, na huyo mmoja hakukasirika hata, ametikisa kichwa kidogo, amechukua kijiti cha meno hali bado hajala, anakizungusha, na mimi nimeona sasa hivi kitu ambacho, laiti ningekiona mapema, msusi aliyeniita kwa utani nimemjibu papo hapo, na huyu rafiki yangu aliyeniuliza maisha yake yaende wapi sijamjibu… laiti, neno gani hili, majuto ni mjukuu, sijui kwa nini wakasema mjukuu, mimi naona ni mpangaji, huja na godoro lake… hodi ya kwanza aliipiga ngazini, pale pale juu ya duka la dawa, mimi nashuka yeye anapanda, akasimama ngazi moja chini yangu, akaniambia mama yake Wanjira amezeeka, shamba la Kinangop linataka mtu, Wanjira ameshakwenda na ng'ombe wameshanunuliwa, na yeye kifua chake na vumbi hili la barabara mpya kila mwezi ni dawa, akasema wewe unaonaje, alisema hivyo, wewe unaonaje, si habari, lilikuwa swali, na mimi nikasema nenda ukakamue ng'ombe, Kibe, sisi hapa umeshatukamua vya kutosha, yule binti wa duka la dawa akacheka chini kule mpaka akaangusha vidonge vya watu, nikateremka nimejaa upepo kama kanzu ya Ijumaa, sikugeuka kumtazama alivyobaki, alibakije, sijui, sijui alisimama muda gani pale… ya pili kwa simu, jioni, mimi nyumbani Mountain View, nimejinyoosha kwenye kochi, Saleha jikoni anakanda unga, Kibe akasema nataka tu kujua, nikiondoka utafanya nini, nikamwambia nitaweka picha yako juu ya kiti, itakuwa afadhali, haitakunywa chai yangu, akacheka kidogo, kicheko kile chake cha puani, akasema haya, lala salama, akakata, na Saleha akatokeza mlangoni na unga mpaka viwikoni, akasema, "Alikuwa anakuuliza kitu."

"Nimemjibu."

"Hukumjibu. Umemchekesha," akarudi kwenye unga wake, na aliposema hivyo nilimcheka, nikasema mke wangu amekuwa hakimu, ndugu zangu, simameni hakimu anapita, na hakugeuka, alikanda tu, na sasa nakumbuka kitu kingine, hebu ngoja, Saleha alikuwa akiniuliza umeshindaje, kila jioni, nikivua viatu tu, umeshindaje Abdalla, na mimi nashusha moja, la bosi wa kampuni fulani, la askari wa jiji na mama wa ndizi, anacheka, ananipa chai, lini aliniuliza mara ya mwisho, siikumbuki, hakugomba, hakununa, chakula kipo, nguo zipo, maneno yapo, ila swali halipo, ameliondoa taratibu kama mtu anavyoondoa kiti kisichokaliwa, naye pia alipiga zake kumbe, akahesabu zake, akarudi bila kinyongo, lahaula… na mimi ndiye niliyekuwa nikizunguka mabuchani nikiwaeleza watu, mchezo mzima, na mikono na sauti tatu, kwamba kompyuta ni nyumba ya Mji wa Kale, ina baraza na ina ndani, programu, ile mnayoiona kwenye skrini na rangi zake na vitufe vyake, ni mgeni wa barazani, ikianguka inaanguka peke yake, mnaiokota, mnaifuta vumbi, mnaiwasha tena, lakini ndani kwenyewe, ndani kwenye kiini, ndiko kuliko na kisima na ghala na ufunguo wa kila kitu, huko mgeni haingii, hata awe nani, hata awe ameandikwa na mtu wa heshima kama Kibe, anakuja mlangoni na sahani yake tupu, anapiga hodi, anasema naomba uzito, na mlangoni yuko draiva, mtu wa ndani, anaikagua kwanza ile sahani, ni yake kweli, ni kubwa kama alivyosema, maana wageni huongopa, kisha anakwenda kwenye mizani, anasoma, anarudi, anaweka jibu sahanini, na juu yake anatia neno moja kati ya matatu, tayari, au imeshindikana, au bado, na hapo nilikuwa nainua kidole, mtu wa nje akianguka ni aibu yake, mtu wa ndani akianguka huanguka na nyumba, skrini nzima buluu, bucha imesimama, foleni inatukana, ndiyo maana ndani haruhusiwi mtu wa mzaha, na hapo sasa, hapo ndipo nilipokuwa nawaua, kwa sababu nawageukia nasema, aliye ndani ni mimi, na huyu mkavu kama mkaa ndiye aliye nje na marangi, wanacheka mpaka wanashika ndoano za nyama, na Kibe amesimama pembeni na waya mkononi, anangoja nimalize, ndipo achomeke…

alivyokuwa jukwaani ni hivyo hivyo, tulikuwa wachekeshaji wawili, mjini, ukumbi ule wa ghorofani wenye viti vinavyolia, Ijumaa na Jumamosi, yeye anauliza mimi najibu, mwanamume mrefu mwenye suti ya marehemu baba yake, anauliza swali la heshima kabisa, bwana, njia ya kwenda posta ni ipi, na mimi nalibeba lile swali nazunguka nalo nchi nzima, na Peres aliyetufundisha, mama yule mwenye sauti ya kuvunja gilasi, alinishika sikio siku ya kwanza akaniambia wewe, kimya jukwaani ni shimo, ukiliona mbele yako liruke, nikaliruka, nimeruka miaka yote hii, na Kibe naye alimwambia kitu, akamvuta pembeni kule nyuma ya mapazia, nikamuuliza Kibe amekuambia nini, akasema ameniambia nikishauliza ninyamaze, basi, eti watu hawacheki ukisema, wanacheka mimi nikikutazama… nilidhani anatania, Kibe hajui kutania, na ni kweli, sasa ndiyo naisikia, sikio langu limechelewa kama fidia ya serikali, kile kicheko hakikuja kwenye neno langu, kilikuja kwenye ule mwanya, yeye amesimama na suti ya babake hasemi kitu, ananitazama kama mtu anayetaka kweli kujua njia ya posta, kumbe yeye ndiye aliyekuwa amebeba shimo ili mimi niruke, na mimi naenda nyumbani najipongeza kwa kuruka… kimya sikukiweza jukwaani na sikukiweza ndani ya kiini, hiyo ndiyo shida ya draiva yangu, hiyo ndiyo aliyoipigia kelele Fahim mwezi uliopita, na haki alikuwa nayo, maana niliiandika draiva isinyamaze kamwe, mizani isipojibu, waya umelegea, umeme umeyumba, paka amekalia, draiva yangu haisemi bado, haisemi imeshindikana, inachukua uzito wa mwisho inaoukumbuka, inaurudisha, na juu yake inaandika tayari, kwa kujiamini, kwa tabasamu, mgeni anapiga hodi kwenye nyumba tupu na sauti inatoka ndani, karibu, karibu sana, hakuna mtu, hakuna kitu, ni sauti tu iliyobaki ya karibu ya jana, na ikafanya kazi miaka, kwa sababu mizani zetu nzuri hazinyamazi mara nyingi, mpaka waya wa Fahim ukalegea Jumapili, bucha imejaa, mteja mmoja amepima paja zima la mbuzi, na baada yake kila aliyekuja akapimiwa paja, mwenye maini, paja, mwenye kichwa, paja, mama mmoja amekuja na haja yake ya matumbo kidogo ya kupikia wajukuu, skrini ikasema uzito wa paja, akaiweka ile karatasi ya nailoni kwenye kiganja akaipima kwa mkono wake, akasema haya matumbo yamemeza mbuzi ama ni mbuzi aliyeyameza, watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka, maana kila mmoja akaangalia nyama yake, "Kaka, mizani yenu imerogwa! Mwanifanya mwizi mbele ya wateja wangu!" Fahim kwenye simu, lafudhi ya Lamu imepanda juu kabisa, na mimi ningepaswa kwenda, ilikuwa ya kwangu, iko ndani kwangu, lakini nilikuwa Westlands ninaongoza harusi, kipaza sauti mkononi, bibi harusi analia kwa kucheka, nikamwachia Kibe, akaja, akasimama hapa hapa kwenye kaunta akatukanwa na watu wenye maini, hakusema ni ya Abdalla, nilisikia baadaye kwa Mbaluka, hakulitaja jina langu, alisema tu tumekosea, tutarekebisha, akarudisha waya, akafunga kwa utepe wa umeme, na Jumatatu ofisini hakugomba, aliuliza tu, mbona haisemi bado, Abdalla, mizani ikinyamaza si iseme bado, nikamwambia watu wa bucha hawapendi kungoja, akanitazama, ule utazamaji wa posta, akasema, "Ni wewe hupendi."

…na nikacheka, Mungu wangu, nilicheka… "Abdalla," anasema sasa, hapana, hasemi, nilidhani amesema, ni midomo yake tu na kile kijiti, hatauliza tena, ndiyo maana hasemi, nimezoea aulize, siku zote nikimrushia upuuzi huuliza tena, na tena, ananifuata polepole kama mtu anayemfukuza kuku aliyemlipia, mpaka nachoka namwambia la kweli, mara nyingine, siyo mara zote, na leo haongezi, ameiweka ya tatu mezani ametulia, na draiva haiwezi kuanza yenyewe kusema, hilo nalijua kuliko mtu yeyote Nairobi hii, mtu wa ndani hatoki barazani akamshika mgeni koti, hana njia hiyo, anaweza kuwa na habari zote za dunia kule ndani, asipokuwa na sahani mkononi iliyoletwa na mtu hana pa kuziweka, sahani ninayo bado, hii, ya tatu, iko mkononi mwangu sasa hivi wakati mafuta yanadondoka kwenye makaa, akiondoka nayo basi, Jumamosi lori litabeba kitanda na meza na ile suti, na hakuna mtu mwingine Nairobi anayeniuliza kitu, wanaoniambia wapo, wananiita kwenye harusi zao, tuchekeshe Abdalla, hilo si swali, hilo ni agizo… basi mwambie kaa, si jibu ni hilo, neno moja, kaa, lipo, nalisikia, tamu kabisa, hebu lipime kwanza kabla hujalitoa, umelitoa wapi, umelichukua lini, kaa wa nani, wa Kibe wa suti, wa ngazi za ukumbi saa ya kuvua poda, wa siku tulipouza mizani ya kwanza tukaenda kula pilau tukasahau kumlipa mwenye hoteli, huo ni uzito wa zamani, Abdalla, huo ndio uzito wa mwisho unaoukumbuka, unataka kumrudishia tena tayari juu yake, na mtu mwenyewe aliye mbele yako ana mvi kwenye masikio na kifua kinapiga filimbi usiku na mke anayempigia simu kutoka baridini kumwambia ng'ombe amezaa, huyu hujampima, mwambie nenda basi, hilo ni jibu la heshima, nenda ndugu yangu, ukapumzike, na machozi kidogo, ukumbi utasimama kukupigia makofi, lo, hilo nalo, hilo ndilo baya zaidi, nalisikia limevaa kabisa, limechana nywele, linajua taa iko upande gani… sasa nina nini, ukiondoa hilo na lile, nina nini sahanini… sina, hakuna kitu, naogopa, hicho kipo, naogopa ofisi ile ikiwa na kiti kimoja, lakini hofu yangu si jibu la swali lake, yeye hakuuliza unaogopa nini, aliuliza unataka nini, na mimi sijaenda kuangalia, miaka hii yote watu wamekuja mlangoni na mimi nimewajibu kutoka pale pale kizingitini, sijaingia ndani hata kuona kama kuna kitu kwenye mizani… bado, neno ni hilo, liko kwenye orodha tangu siku ya kwanza, tulikubaliana matatu, tayari, imeshindikana, bado, na alinionyesha, nakumbuka sasa, alinivuta kiti akanionyesha upande wake jinsi alivyolishughulikia, hapa draiva yako ikisema bado, skrini inaandika subiri kidogo tunapima, na hodi zinaacha kuhesabiwa, nikamwuliza zinaacha mpaka lini, akasema si umesema bado, basi mpaka umalize, nikamwambia na nikichukua mwaka mzima, akasema nyama itaoza lakini programu itangoja, akasema hivyo, hakucheka, na akaiandika vizuri, ile sehemu, Kibe hana kazi ya ovyo, kila mwaka anaipitia anaisafisha na kila kitu kingine, na haijawahi kufanya kazi hata siku moja, haijawahi kuamka, kwa sababu hakuna bucha hata moja, hata siku moja, iliyopata kutoka kwangu neno lile, mtu amenijengea chumba cha kungojea na mimi sijawahi hata kumwambia keti…

ulimi, shuka, nimekwambia, shuka, yule bwana wa meza ya pili ameshanigeukia, ananijua, ameniona kwenye harusi fulani, anatabasamu mapema, anasubiri niseme, msusi naye ameinua kichana, wote wananingoja niruke, na mimi nasema, sauti imetoka nyembamba, haina poda, "Bado, Kibe."

kijiti kimesimama… ananitazama, na mimi sina cha kuongeza, sina cha pembeni, sina cha juu, bwana wa meza ya pili amengoja sehemu ya pili ya kichekesho, ameona haiji, amerudi kwenye mbavu zake, na Kibe ametazama makaa, amenitazama tena kwa makini kama mtu anayesoma kitu alichokiandika zamani akashangaa kinasomeka, "Bado?" anasema, "Bado. Sijui. Sijaangalia," nasema, "Sawa," anasema, "si lori ni Jumamosi," na anavuta kiti chake karibu na meza, haulizi tena, hahesabu, anakaa tu, mikono imekauka, na Mbaluka anageuza mbuzi upande wa pili, na mimi nimenyamaza, ndani ni kugumu kuliko nilivyodhani, kuna giza la mtu asiyepita humo, napapasa, kuna kitu hapa, kizito, sijakijua jina, sikitoi mpaka nikijue, ananingoja, acha angoje kidogo, ananingoja…